Seli za Afande

Kitu cha kwanza kilichopungua kwa baba yangu kilikuwa mwandiko wake.

Alikuwa askari magereza mstaafu, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wake alifundisha makuruti gwaride. Alipostaafu alikaa Mafubira, kaskazini ya mji wa Jinja, yeye na mama yangu na shamba dogo la migomba nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa Mbale. Nilipanga chumba Nkoma na nilifanya kazi katika duka la dawa mjini, kazi niliyokuwa nimeisomea miaka mitatu. Hatukuwa na simu, kwa hiyo baba aliniandikia barua kila mwezi na kumpa dereva yeyote aliyekuwa anakuja upande wetu. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimesimama wima, na kati ya neno na neno aliacha nafasi ya kutosha mtu mnene kupita.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini barua zikaanza kubadilika. Mstari ulianza kwa herufi kubwa kama zamani, ukifika katikati zimenywea, na mwishoni zilikuwa kama simsim iliyomwagika. Nilidhani anabana karatasi. Nikamwandikia: "Baba, ikiwa karatasi zimeadimika huko Jinja, nitakutumia daftari." Akajibu kwa herufi ndogo zaidi: "Karatasi iko. Macho yako ndiyo imeadimika."

Nilicheka, nikamsomea barua ile mwenye duka, naye akacheka. Watu wawili wenye vyeti vya dawa ukutani tulikuwa tumeshika dalili ya ugonjwa mkononi, tukaifanya kichekesho cha mchana.

Kiswahili chake kilikuwa hicho hicho, cha kambini. Baba alikuwa Mteso, mama Mgisu, na walipokutana katika nyumba za askari hakukuwa na lugha nyingine ya kutongozana. Majirani wa Mafubira walipotusikia tunakizungumza nyumbani, wengine walishtuka kidogo, kwa sababu wengi walikikumbuka kama lugha ya mtu mwenye bunduki barabarani. Kwetu ilikuwa lugha ya kuomba chumvi. Mama alimwita baba "Afande" tangu siku ya harusi, na alipokuwa amemchoka alisema, "Niliambiwa naolewa na Mteso. Hakuna aliyeniambia ni mateso."

Siku moja akaja mtu na ujumbe wa mama kwa mdomo: njoo, baba yako amenikasirikia.

Nilipofika nikamkuta mama jikoni, uso umemvimba kwa mambo aliyokuwa ameyahifadhi kwa miezi. Alinieleza mashtaka moja baada ya jingine. Baba hacheki tena. Mama anamsimulia habari za jirani, zile zilizokuwa zikimwangusha kwenye kiti, yeye anamtazama tu kama anamsikiliza mfungwa anayejitetea. Akisalimiwa na watu, anawaangalia bila kukunja uso wala kuukunjua. Sauti ameishusha makusudi ili mama amwombe arudie.

"Nimempikia malewa, machipukizi ya mianzi ya kwetu, kwa siagi ya karanga," mama alisema. "Nimemwomba msamaha kwa kosa nisilolijua. Nimeomba tena msamaha kwa kosa ninalolijua mimi, ambalo yeye hakulijua. Bado uso ni ule ule."

"Kosa gani hilo, mama?"

"Hilo halikuhusu."

Baba alikuwa sebuleni. Nilimsalimu, akanyanyuka kwa shida, akanipa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto ulikuwa umelala pajani, na kidole gumba kilikuwa kikisugua kidole cha shahada, polepole, bila kusimama, kama mtu anayesokota tumbaku.

"Baba, umemkasirikia mama?"

Alifikiri. Uso haukusogea hata kidogo. "Mimi hapana kasirika," alisema kwa sauti ya chini. "Uso tu iko hivi. Mimi nacheka ndani."

Mama alikuwa amesimama mlangoni, anasikiliza. Miezi yote ile, kila hadithi aliyoisimulia, baba alikuwa akiicheka ndani, na mama nje alikuwa akihesabu makosa yake. Nilimwona akijuta lile moja alilokuwa ameungama bure.

Nikawachukua wote wawili hadi Mbale. Kulikuwa na daktari kijana aliyekuwa na chumba chake cha kutibia karibu na duka letu, mwembamba, Mgisu kama mama, ambaye kila jioni alipita kwetu kuuliza dawa gani zimeingia. Nilimwamini kwa sababu alikuwa mmoja wa madaktari wachache waliosema "sijui" bila kukohoa kwanza. Alimwambia baba agonge kidole kwa kidole, afungue na kufumba kiganja, aandike jina lake. Kisha akamwomba atembee ukumbini. Baba alitembea hatua fupi fupi, nyayo zikiburura sakafu, mkono wa kushoto haupungi. Alipofika kwenye mlango akakwama. Miguu ilikuwa kama imetiwa gundi. Alisimama pale kwenye kizingiti, mwalimu wa gwaride, mpaka daktari akamshika kiwiko.

Tulipoketi, daktari akasema huu ni ugonjwa wa Parkinson, akaanza kueleza.

"Mzee, ndani ya ubongo kuna seli nyingi sana."

Baba aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana kuvutiwa na jambo. "Seli?"

"Ndiyo, seli."

"Mimi nimesimamia seli miaka mingi. Endelea."

Daktari alinitazama. Nikamwashiria aendelee.

"Kila seli hutengeneza protini zake. Protini ikishatengenezwa inafanya kazi, na ikichakaa huvunjwa na kuondolewa. Katika ugonjwa huu kuna protini isiyoondoka. Inagandana na wenzake, inakuwa donge ndani ya seli. Tunayaona madonge hayo kwenye darubini. Na zile seli zinakufa."

"Watu wamejazana," baba alisema.

"Karibu hivyo."

"Seli ikijaa, mimi nilikuwa nahamisha watu. Nyinyi hapana weza hamisha?"

"Hatuwezi, mzee. Hatujui hata ni protini gani hasa, wala hatujui kama donge ndilo linaloua seli au ni alama tu kwamba seli imeshashindwa. Tunachojua ni kwamba seli zinazokufa ndizo zinazotengeneza dopamini, kitu kinachosaidia ubongo kuamrisha mwili utembee, uandike, utabasamu."

Mama alilirukia neno la mwisho. "Utabasamu pia?"

"Pia, mama. Uso ni misuli."

Mama akamtazama baba kwa namna ambayo sikuwahi kuiona. Halafu akaifuta haraka na kusema, "Basi ningejua mapema ningepumzika."

Baba bado alikuwa kwenye seli zake. "Hiyo dawa nafungua mlango? Natoa hao waliogandana?"

"Hapana. Hakuna dawa ya kuyatoa madonge. Zilizopo zinasaidia dalili tu."

"Basi ni kupelekea mahabusu chakula."

Daktari alikubali kwamba ndivyo. Baadaye aliniambia kuwa katika mafunzo yake yote hakuna mwalimu aliyemweleza jambo lile kwa maneno machache namna ile.

Dawa iliyofaa zaidi, levodopa, haikupatikana Mbale wakati ule. Ilibidi kuagiza mbali na kungoja. Iliyokuwapo ni vidonge vidogo vyeupe vya benzeksoli, ambavyo tulivijua zaidi kwa wagonjwa wa akili wanaotetemeka kwa sababu ya dawa zao nyingine. Daktari alisema tuanze navyo, kwa kipimo kidogo, na tumwangalie, kwa sababu wazee wengine huwachanganya kichwa. Tukarudi Mafubira, nikamwonyesha mama namna ya kumpa, nikarudi kazini.

Baada ya wiki tatu mama akatuma mtu tena. Safari hii ujumbe ulikuwa mfupi: makuruti wamekuja.

Nilifika kabla ya chakula cha mchana. Baba alikuwa nyuma ya nyumba, amevaa koti lake la mvua bila mvua, anapita kati ya migomba. Alisimama mbele ya mgomba mmoja, akauangalia kutoka juu hadi chini, akauambia kwamba kola yake ni chafu. Akahamia wa pili. Huyo alimsifu. Mama alikuwa amekaa kwenye kibao akimenya matoke, bila wasiwasi wowote wa kuonekana.

"Nilijaribu kumwambia hakuna watu," alisema. "Akaniuliza kama mimi ndiye mkuu wa gereza. Sasa nikitaka aje kula, naomba ripoti."

Kisha akapaza sauti. "Afande, wangapi wako?"

Baba akageuka polepole. "Thelathini na moja. Moja mgonjwa, iko hospitali."

"Basi wape nafasi wapumzike. Chakula tayari."

Baba akawaruhusu makuruti, akaja kula. Alikuwa mpole, mdomo umekauka mpaka anasikika akimeza. Nilicheka pamoja na mama kwa sababu yeye alikuwa anacheka, lakini moyoni nilikuwa nimeshajua. Ni vile vidonge. Nilikuwa nimesoma kuhusu madhara hayo nikiwa chuoni, nikayajibu vizuri kwenye mtihani, na sikuwahi kufikiri kwamba yangevaa koti la baba yangu. Niliandika barua kwa daktari jioni ile ile. Jibu likaja: punguza, kisha acha. Ndani ya siku chache makuruti waliondoka mmoja mmoja. Yule mgonjwa wa hospitali, mama alisema, ndiye aliyekuwa wa mwisho kuulizwa habari zake.

Levodopa ilifika baada ya miezi miwili. Mwenye duka aliipata kupitia mtu wake wa Nairobi, na alilifungua boksi mbele yangu kama anafungua zawadi ya harusi. Niliipeleka Mafubira mwenyewe na nikaona ni wajibu wangu kuieleza, kwa sababu baba hakuwa mtu wa kumeza kitu kisichotoa maelezo.

"Ubongo una ukuta," nilimwambia. "Si kila kitu kilicho kwenye damu kinaruhusiwa kuingia. Dopamini yenyewe ikija, inarudishwa getini."

"Sawa. Ulinzi."

"Lakini hii levodopa ni molekuli ndogo, na inafanana na vitu vya kawaida vya chakula. Geti linaipitisha. Ikishaingia ndani, inageuzwa kuwa dopamini."

Baba alilitazama boksi upande mmoja na mwingine. "Inaingia na nguo ya raia," alisema. "Huko ndani navaa uniform."

"Ndiyo, baba."

"Na kama navaa uniform njiani, mbele ya geti?"

"Ndiyo maana kidonge kimechanganywa na dawa ya pili. Kazi yake ni kuhakikisha haibadilishi nguo njiani."

Alinyoosha mkono. Nilimpa kidonge na maji, tukakaa kungoja. Mama alijifanya anafagia. Baada ya kama saa moja baba akaamka kwenye kiti bila kushika kitu, akatoka nje, akaenda hadi barabarani, akarudi. Mkono wa kushoto ulikuwa unapunga. Akavua shati, akalivaa tena, akafunga vifungo mwenyewe, vyote, kwa mpangilio. Kisha akamtazama mama na akatabasamu, tabasamu la upande mmoja, lenye jino lililovunjika.

Mama aliuacha ufagio. "Kumbe kicheko kilikuwapo," alisema, akaingia jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kuchemsha chai.

Wiki ile baba alizunguka Mafubira yote akisalimia watu aliokuwa amewanunia miaka miwili bila kukusudia. Wengine walidhani ameokoka.

Halafu siku nyingine dawa ikawa inafanya kazi na siku nyingine haifanyi. Mama alinilaumu mimi, kwamba nimeuziwa vidonge vya chaki. Niliomba likizo ya siku nne, nikakaa nao, nikaandika kila anachokula na saa anayomeza. Siku ya tatu nikaona. Akimeza kidonge na uji mtupu, anatembea. Akimeza pamoja na maharage, au samaki, au ile sahani ya nyama ambayo mama alimpa ili "dawa ipate nguvu", anakaa kwenye kiti kama gunia. Chakula chenye protini kinapovunjwa, vipande vyake hupita kwenye geti lile lile linalopitisha levodopa, na vikiwa vingi dawa hubaki nje kwenye foleni.

"Protini tena?" baba aliuliza nilipomweleza. "Ndani protini nagoma kutoka. Nje protini nasukuma dawa yangu. Huyu mtu anataka nini na mimi?"

Nilisema suluhisho ni rahisi: mchana ale matoke, viazi, mboga za majani, na protini aipate jioni wakati hana mahali pa kwenda. Nilidhani mgumu atakuwa baba. Mgumu alikuwa mama. Kwake, kumpa mume matoke bila karanga ni kumfukuza nyumbani kwa adabu. Alibishana nami asubuhi nzima. Mwishowe akakubali, lakini kwa miezi kadhaa kila mgeni aliyewakuta mezani mchana alipewa maelezo kabla hajauliza, kwamba mchuzi upo, ni binti yake wa Mbale aliyeukataza.

Lile la kukwama milangoni dawa haikulimaliza. Alikwama kwenye mlango wa choo, kwenye geti la jirani, kwenye ukingo wa zulia. Ukimvuta anaanguka. Ukimwambia "twende" anasema "nakuja" na miguu haiji. Dawa yake ilipatikana kanisani, na aliyeipata ni mama.

Ilikuwa Jumapili nilipokuwa nimekuja kuwaona. Baba alisisitiza kwenda kupokea komunyo kwa miguu yake. Katikati ya njia, pale sakafu ya simenti inapobadilika kuwa vigae, akasimama. Nyuma yake mstari mzima ukasimama. Mstari wenyewe ulikuwa wa watu wa Mafubira, na nusu yao wastaafu wa polisi, wa jeshi na wa magereza waliobaki Jinja kwa sababu wake zao walikataa kurudi kaskazini. Kwaya ikamaliza wimbo, ikaanza mwingine. Nilianza kutoka kwenye benchi kwenda kumsaidia. Mama, aliyekuwa nyuma yake, akanikatalia kwa jicho. Akasogea karibu na sikio la baba.

"Afande," alisema, si kwa sauti ya juu, lakini kwa sauti aliyoisikia kwenye uwanja wa gwaride kwa miaka yote aliyoishi jirani nao. "Mbele, tembea. Kushoto. Kulia. Kushoto."

Mguu wa kushoto wa baba ukanyanyuka. Ukaenda. Kisha wa kulia. Hatua zikawa ndefu, magoti yakapanda, akaenda mbele kama mtu wa miaka thelathini. Na nyuma ya mama, naapa, nilimwona sajini mmoja mstaafu wa polisi akibadilisha mguu ili aende sawa.

Tatizo lilikuwa kwamba mama alijua amri ya kwenda tu. Hakukumbuka ya kusimama mpaka baba alipokuwa ameshafika mbele ya padri na bado anaendelea. Padri, mtu mwerevu, akapiga hatua moja kando na kusema kwa upole, "Simama, afande." Baba akasimama, akabana visigino, akafungua mdomo kupokea.

Nilipomsimulia daktari, hakucheka kama nilivyotarajia. Aliniuliza mara mbili amri ilikuwa ipi na mguu upi ulianza. Alisema njia ya kawaida ya kuamrisha hatua imeharibika, lakini mdundo kutoka nje unaweza kuingia kwa njia nyingine ambayo bado ni nzima. Aliniambia nimwambie mama aendelee. Mama alikuwa haningojei. Tangu siku ile nyumba ile ilisikika kama kambi, na majirani waliowahi kutuogopa kwa Kiswahili chetu walikuwa wakisikia mwanamke mfupi akiamrisha askari kwenda chooni. Alifurahia kupita kiasi. Nilimsikia mara moja akimpa "nyuma geuka" bila sababu yoyote ya kitabibu.

Karibu na mwisho wa miaka ya tisini daktari alikuja dukani na gazeti la kitaalamu ambalo mwenzake alimletea kutoka nje. Protini ya kwenye madonge ilikuwa imepatikana. Ilikuwa na jina refu. Ilikuwa protini ya kawaida, kila mtu anayo, ila kwa wagonjwa hujikunja vibaya na kushikana. Alinitafsiria kurasa mbili pale pale kaunta, wateja wakingoja, na Jumamosi akanifuata hadi Mafubira kumweleza baba mwenyewe.

Wakati huo baba alikuwa amekonda. Dawa ilimpa saa chache nzuri kwa siku, na katika saa hizo mwili ulikuwa ukicheza wenyewe, mabega yakiyumba. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa jina lake inajulikana," alisema.

"Inajulikana, afande." Siku hizo daktari naye alikuwa amezoea kumwita hivyo.

"Dawa yake iko?"

"Bado. Lakini sasa watu watatafuta molekuli ndogo ya kuizuia isigandane, au ya kuyavunja madonge. Huwezi kutafuta dawa ya kitu usichokijua. Itachukua miaka."

"Mimi hapana na miaka."

Daktari hakusema ana miaka. Nilimheshimu kwa hilo.

Baba akauliza namna walivyoyaona madonge. Daktari alieleza kwamba huonekana tu kwenye ubongo wa mtu aliyekwisha kufa, uliokatwa vipande vyembamba na kutiwa rangi. Watu wengine huko nje huacha ruhusa kabla ya kufa.

"Na mimi natoa ruhusa," baba alisema. "Fungua, angalia. Kama iko, andika iko."

Mama akaweka chini sinia la chai. "Huyu anazikwa Teso mzima," alisema. "Shemeji zangu watahesabu kila kitu."

"Kichwa yangu, wewe nakataa kwa nini?"

"Kwa sababu nimeiamrisha miaka mitatu. Ni yangu sasa."

Daktari aliwaamua kwa kusema ukweli: hakukuwa na mtu karibu wa kuifanya kazi ile, wala dawa za kutia rangi, wala mahali pa kuuhifadhi. Baba aliudhika. Alikuwa amejitolea kwa jambo kubwa na serikali haikuwa na chumba. Alikunywa chai yake kwa mrija, kisha akamwambia daktari kwamba basi asome zaidi, apate hiyo darubini, kwa ajili ya mwingine.

Alifariki mwaka uliofuata, wakati wa mvua ndefu. Kumeza kulikuwa kumekuwa kugumu, kitu kikaingia njia ya hewa, mapafu yakashika homa, na wiki mbili baadaye alikuwa ameondoka. Tulimzika kwao Teso, mzima, kama mama alivyotaka. Kwa hiyo sitajua kamwe. Kila kitu kilionyesha kwamba madonge yalikuwapo: mwandiko, uso, hatua, namna alivyoitikia levodopa. Lakini hakuna aliyeyaona. Kwa miezi mingi baada ya mazishi hilo lilinisumbua kuliko nilivyotarajia, na nilijikuta nikitoa dawa kwa wagonjwa wengine huku nikitazama vidole vyao kuliko karatasi zao.

Mama alikataa kubaki Mafubira peke yake, akahamia kwangu Nkoma. Hakukaa wiki mbili akawa anawafahamu majirani zangu vizuri kuliko mimi niliyeishi nao miaka minane. Walimuuliza mume wake alikufa kwa nini, naye aliwajibu kama mtu aliyekaa na daktari: "Protini. Ilijaa kwenye kichwa, ikagandana."

Niligundua madhara yake nilipoona mama mmoja wa nyumba ya tatu anatoa mayai kwa jirani, trei nzima, bure. Nikauliza. Akaniambia amesikia habari za baba yangu na hawezi kuwapa watoto wake kitu kile. Maharage ameshayaacha tangu Jumatatu. Ikabidi nipite nyumba kwa nyumba jioni ile, kwenye plot yetu na iliyofuata, nikieleza kwamba protini ya kwenye chakula si ile inayogandana kichwani, kwamba mtoto asiyekula protini hakui, na kwamba mama yangu alisema kweli lakini aliifupisha mno. Mama alinifuata nyuma, akiongeza maelezo ambayo sikuyahitaji.

Yule wa mayai alinisikiliza kwa makini, mtoto mgongoni.

"Kwa hiyo mayai ni sawa?"

"Ni sawa."

"Na maharage?"

"Sawa kabisa."

"Na mukene, wale dagaa?"

"Na mukene, dada. Wape."

Akatazama nyuma yangu, kwa mama, kuona kama naye amekubali. Mama alifikiri kidogo, kisha akatikisa kichwa kwamba ndiyo, na mwanamke akaenda kudai mayai yake.